Nguva wa Bahari, Nguva wa Shaba

Mwanamke wa shaba nyeusi ameketi, na pale ambapo miguu ingekuwapo pana mkia. Hiyo ni Water Woman, sanamu ya Wangechi Mutu ya mwaka 2017. Msanii huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, na nguva amemrudia tena na tena; maonyesho yake ya London mwaka 2014 yaliitwa Nguva na Nyoka. Wengi hukumbuka ngano za pwani za nguva aliye nusu mwanamke nusu samaki, wakaishia hapo. Sisi wa makumbusho huku Lamu tungependa waendelee kutazama, maana nguva ana mwili wa kweli.

Ni mnyama anayenyonyesha. Chuchu zake ziko kwapani, nyuma ya mapezi ya mbele, na huenda ndiko ilikotoka dhana ya mwanamke wa baharini. Hula nyasi za bahari zinazoota kwenye kina kifupi, huku kwetu hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na kila baada ya dakika chache hana budi kuibuka avute pumzi. Akinaswa na wavu wa jarife haibuki tena. Hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa mwingine. Kundi dogo likipoteza majike wawili watatu, pengo halizibiki upesi. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mutu hakuanzia baharini. Miaka ya mwanzo ya 2000 alichukua michoro ya kitabibu ya karne ya 19, iliyoonyesha uvimbe wa kizazi, akabandika juu yake vipande vya majarida hadi zikatokea nyuso za wanawake. Mwaka 2017, New York, alionyesha kazi za udongo mwekundu, mbao na rojo la karatasi, mojawapo mipira yenye vinundu iliyofuata maumbo ya virusi. Aliyewahi kulazwa na homa ya kidingapopo (dengi) anajua nguvu ya kirusi. Sura yake hajaiona.

Kijana wa Lamu anayetaka kufanya kazi ya namna hii hahitaji shaba. Magogo yaliyotupwa ufuoni yapo, makumbi yapo. Gogo alilowekeze kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, ayabadilishe mara kwa mara, kisha alikaushe kivulini, kwani chumvi ikibaki ndani itabambua rangi. Gamba la kasa aliache, sheria inamlinda. Na kabla ya kuchonga mkia awaulize wavuvi wazee: wa nguva hulala bapa, hausimami wima kama wa samaki.