Hekta mbili za Sumatra

Juzi kwenye mkutano wa wakulima wa michikichi hapa Kigoma, nilikuwa ndiyo kwanza naanza kueleza nafasi za kupandia, mita 9 kwa mkao wa pembetatu, kijana mmoja akanyanyuka chini ya mwembe. "Bwana shamba, si hawa Waindonesia na Wamalaysia ndio waliochukua mbegu kwetu, na leo sisi ndio tunaonunua mafuta kwao?" Watu wakapiga makofi. Maneno hayo nimeyasikia kwenye semina, ndani ya basi la Kasulu, hata msibani, na kwa miaka nimekuwa nikiyaacha yapite. Juzi nilishindwa. Nilimjibu kijana yule kwa ukali asioustahili, na jibu lenyewe hakulipata. Ndilo hili.

Nianze na mbegu, maana habari yake ni fupi. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, Indonesia ya leo, enzi za Waholanzi. Miwili ilitoka bustani ya Amsterdam, miwili ikaja kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Uzao wa miche hiyo ukapelekwa Deli, mashariki ya Sumatra, ukapandwa kama mapambo kandokando ya barabara za mashamba ya tumbaku. Mwaka 1911 Mbelgiji Adrien Hallet akaanzisha kilimo chake cha biashara. Kigoma haimo katika safari hiyo. Watafiti wa Malaysia walikuja kweli Tanzania kukusanya mbegu, lakini ilikuwa mwaka 1986, nchi yao ikiwa tayari inatamba duniani kwa kuuza mawese. Walitafuta damu mpya ya kuingiza kwenye uzao wao, kama mfugaji anayeazima dume la zizi jingine.

Na kama ni kuoneana wivu wa kitaalamu, basi tuitazame Yangambi, jirani na Kisangani. Huko Kongo, mwaka 1941, ndiko ilikoelezwa kwamba tenera, mchikichi wa mashamba ya biashara, ni mtoto wa dura, yenye ganda nene la kokwa, na pisifera, isiyo na ganda. Ganda la kokwa linakuwa jembamba, nyama inakuwa nene, mafuta yanazidi ya dura kwa kiasi cha asilimia 30. Lakini tenera hairithishi hivi hivi. Ukiokota chikichi zake ukaziotesha, robo ya miche itakuwa dura, na robo nyingine pisifera, ambayo kwa kawaida haikomazi mikungu. Sumatra nimewaona wakulima waliouziwa miche ya namna hiyo wakaja kujua mwaka wa nne, pesa ya mbolea imeshakwenda. Hapa kwetu kosa hilo hilo linatendeka kila msimu wa mvua, na tunamsingizia Mmalaysia.

Mbegu imekwisha. Kinachonichosha zaidi ni sentensi inayofuata baada yake, nayo huja kila mara: "Wenzetu serikali iliwapa hekta mbili mbili, wakatajirika."

Niliishi miezi 14 katika kijiji cha michikichi mkoani Jambi, kisiwani Sumatra. Kina jina lake rasmi, lakini eneo zima wanakiita SP 2, maana yake makazi ya pili kwenye ramani ya mradi wa kuhamisha watu. Barabara zimenyooka kama zimepigwa rula, nyumba zimepangwa kwa mstari, na ukitazama upande wowote unaona michikichi mpaka macho yachoke. Wenyeji wangu, Pak na Bu, yaani baba na mama, kama wanavyowaita watu wa heshima kule, waliletwa kutoka Java wakiwa na mtoto mmoja mgongoni. Uhamisho wa Wajava kwenda visiwa vingine ulianzishwa na Waholanzi mwaka 1905. Serikali huru ikauendeleza, na mwaka 1986 ukaunganishwa rasmi na miradi ya michikichi. Walikuta nyumba ya mbao, mgao wa chakula wa miezi ya mwanzo, na namba. Namba ya kiwanja chao cha michikichi waliipata kwa kura. Bu aliniambia alilia alipokiona, kwa sababu nusu yake ilikuwa kinamasi na jirani yao aliokota kilima kikavu.

Sasa sikilizeni neno "waliwapa." Kila kaya ilitengewa hekta 2 za michikichi pamoja na eneo la nyumba na bustani. Kampuni ilisafisha msitu, ikapanda, na gharama zote zikaandikwa kuwa deni la mkulima. Hati ikakaa benki. Miti ilipoanza kuzaa, sehemu ya kila malipo, kwa kawaida asilimia 30, ilikatwa kabla pesa haijamfikia. Miaka ya kusubiri, Pak alifanya kibarua kwenye shamba la kampuni hiyo hiyo, akifyeka na kubeba mbolea. Hati yake aliikomboa baada ya miaka kumi na kitu. Iko ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, na alinionyesha siku ya tatu tu tangu nifike. Mtu aliyepewa kitu bure hakionyeshi namna ile.

Tena huwezi kusema "mfumo wa Indonesia" kana kwamba ni mmoja. Hapa ndipo watu wa semina wanaponikera, maana huchanganya miaka kama mtu anayechanganya dawa. Mfumo una sehemu mbili: inti, yaani shamba mama la kampuni lenye kiwanda, na plasma, yaani mashamba ya wakulima wa nje yanayolizunguka. Miradi ya miaka ya 1970 na 1980, iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia na baadaye na serikali yenyewe, iliwapa wakulima sehemu kubwa ya eneo, kati ya asilimia 60 na 80, na shamba mama likabaki na iliyobaki. Kisha serikali ikajitoa, mikopo ikawa ya benki kupitia ushirika, na mizani ikageuka. Kanuni ya mwaka 2007 na sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 2014 zilitaka kampuni iwezeshe wanakijiji kupata michikichi ya ukubwa wa asilimia 20 ya eneo lake. Ishirini, ndugu zangu. Kinachosifiwa kwenye semina zetu ni sura ya mwaka 1986. Kilichofuata ni cha 2007, na hata hicho vijiji vingi vinakidai kwa maandamano.

Zaidi ya hapo, mkulima wa plasma mpya mara nyingi hana shamba analoweza kukanyaga akasema hili langu. Kampuni inasimamia zote pamoja: inapanda, inavuna, inauza, inakata deni na gharama za usimamizi, halafu mwisho wa mwezi mwanakijiji anapokea mgao. Katika kijiji jirani na SP 2 nilimwuliza mwanachama wa ushirika plasma yake iko upande gani. Akanyoosha mkono akauzungusha upeo mzima. Pak, mwenye kinamasi chake, anaujua kila mti, hata ule uliopigwa na radi. Hao wawili wote huitwa wakulima wa plasma kwenye ripoti, na tofauti yao ndiyo kila kitu.

Kuna jambo la kiwanda nalipitia haraka, ingawa linastahili siku nzima. Mkungu ukishakatwa, asidi inapanda ndani ya chikichi, kwa hiyo unatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa 24 hivi. Sisi Kigoma tunavundika mikungu siku kadhaa ili chikichi ziachie, mafuta yetu tunayala wenyewe na hatuoni shida. Kiwanda kikubwa kinakataa. Basi mvua ikikata barabara, shamba lako halina thamani siku hiyo. Mwenye lori anakuwa mfalme, na dalali anayekopesha mchele na ada ya shule ndiye mwenye lori. Serikali ya Indonesia ilipozuia mawese kuuzwa nje, kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, matangi yalijaa, viwanda vikapunguza kupokea mikungu, na bei ya mkulima ikaporomoka huku chikichi zikidondoka zenyewe. Huwezi kuuambia mchikichi ungoje.

Ardhi ya wahamiaji nimeisema. Sijasema ilikuwa ya nani kabla.

Kando ya mto, kilomita chache kutoka SP 2, kuna kijiji cha Wamelayu, wenyeji wa Sumatra, kilichokuwepo kabla ya Wajava, kabla ya kampuni. Wao walilima mpunga wa mlimani, kisha wakaacha mpira ukue pamoja na msitu: mipira, miduriani ya matunda makubwa yenye miiba, mipetai ambayo mbegu zake huliwa, rotani, vyote mahali pamoja. Mgeni akipita anaona pori. Mwenyeji anaona shamba la babu, na mpaka wake ni mduriani alioupanda bibi fulani. Sheria ya Ardhi ya Indonesia, Na. 5 ya mwaka 1960, inazitambua haki za kimila, ila kwa sharti kwamba zisipingane na maslahi ya taifa, na mlango ukishawekwa hivyo kila mwenye nguvu anapita. Hati ambayo kampuni hupewa, haki ya kulima kwa muda, hutolewa juu ya ardhi ya serikali. Kwa hiyo ardhi ya kimila lazima kwanza iachiliwe. Wanakijiji hulipwa fidia ya mimea, au kile wanachokiita sagu hati, shukrani ya moyo. Wanatia vidole gumba. Wao moyoni wamekodisha. Kwa sheria, wameachia kabisa.

Haki hiyo hudumu hadi miaka 35, yaweza kuongezwa 25, kisha ikafanywa upya. Na siku ikiisha bila kuongezwa, ardhi inarudi serikalini. Kijiji hakimo kwenye sentensi hiyo. Mahakama ya Katiba ilitamka mwaka 2013 kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali, na nilifurahi kama wengine, lakini uamuzi ule unahusu misitu, na kijiji lazima kwanza kitambuliwe kuwa jamii ya kimila na serikali ya wilaya. Ardhi iliyokwisha kuwa shamba la kampuni ni habari nyingine.

Kabla hatujawasikitikia, tusome ya kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo nayo ni Na. 5, inataka ardhi ya kijiji inayokwenda kwa mwekezaji wa kigeni ihaulishwe kwanza, yaani ihamishwe, kuwa ardhi ya jumla, isiyo tena ya kijiji. Ikishahaulishwa imetoka kijijini. Mwekezaji akifilisika, akiondoka, hata akiacha vichaka, hairudi yenyewe. Nimekaa kwenye mikutano mikuu ya vijiji ambako mtu mzima anainua mkono kukubali akiamini kwamba mkataba ukiisha wajukuu watalirithi shamba lenye miti tayari. Hilo ndilo ningetaka kijana wa juzi aniulize.

Nina mashaka yangu, na sioni sababu ya kuyaficha. Pak na Bu wamesomesha watoto watatu, mmoja ni mwalimu. Nyumba ya mbao imebomolewa, ya matofali imesimama, na wamejiandikisha kwenda Hija. Java wasingepata hata nusu yake, wanasema wenyewe, na mimi ninayejua ardhi ile ilikotoka nilikula wali wao miezi 14 nikiwaombea mavuno mazuri. Hata ushauri wangu wa kazi uligonga mwamba. Miti yao ilikuwa imepita miaka 25, mirefu kiasi kwamba mundu ulifungwa kwenye ufito wa zaidi ya mita kumi, na mavuno yamepungua. Nikawaambia kata, panda upya, kuna ruzuku ya serikali kwa kila hekta. Kitabu kinasema hivyo. Bu akaniuliza, "Miaka mitatu bila mkungu, tutakula nini?" Nikataja kulima mahindi katikati ya mistari. Akanitazama kwa upole tu. Tangu siku hiyo, nikifundisha kupanda upya, jasho linanitoka, kwa sababu hekta mbili haziwezi kupumzika. Mwenye hekta ishirini anakata robo kila mara na haoni njaa. Wa hekta mbili anangoja mpaka miti imzidi, kisha anamwuzia mwenye ishirini.

Wiki ya mwisho mzee mmoja wa Kimelayu alinichukua kwa pikipiki mpaka ndani ya shamba la kampuni. Katikati ya michikichi iliyonyooka palisimama miduriani mitatu mikubwa, ambayo wakata msitu waliiacha kwa sababu mama yake alikaa chini yake siku mbili bila kuondoka. Akaipapasa magome mmoja mmoja. Akasema haki ya kampuni ina mwisho, na yeye ameihesabu: imebaki miaka sita. Mjukuu wake atakuwa amemaliza shule, ataijua kazi, ataanza hapa hapa penye miduriani. Aliniuliza ni aina gani ya mbegu ningemshauri apande. Nikamwambia tenera, ya kununua kwa mzalishaji mwenye kibali, asiokote chini ya mti. Nikamweleza na nafasi, mita 9 kwa pembetatu. Hilo la pili, la ardhi inarudi kwa nani, sikumwambia.