Saratani kuota kwenye kovu la upasuaji wa matundu madogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukitobolewa, saratani itaota palepale kwenye tundu."

Hutokea, hilo halina ubishi, ila ni nadra mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2004 ulikusanya upasuaji zaidi ya 10,000 wa aina hii kwenye figo, tezi dume na viungo vingine vya mkojo. Seli za saratani zilikuwa zimejipandikiza kwingine mwilini kwa wagonjwa 13 tu, 10 kati yao kwenye matundu. Na anayekimbilia upasuaji wa kufungua tumbo ajue kuwa saratani imewahi kuota hata kwenye makovu yake marefu.

"Hewa ikiingia tumboni, saratani inasambaa."

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Ni kweli tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi, na inashukiwa kwamba gesi ikichuruzika pembeni ya mirija inayopitisha vifaa kwenye matundu inaweza kubeba seli. Kwa hiyo wapasuaji wengi huitoa gesi kwanza kupitia mirija hiyo, ndipo wachomoe mirija. Lakini kwa maoni yangu gesi inalaumiwa kupita kiasi. Lenye uzito ni jinsi uvimbe ulivyoshikwa: je, ulipasuka? Ulivutwa kwenye tundu jembamba bila kinga? Figo yenye saratani hutiwa kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, ikiwa bado ndani ya mwili, kisha hutolewa. Mfuko ukichanika, kinga imekwisha.

"Saratani ni saratani tu."

Sivyo. Inayoanzia kwenye utando wa njia ya mkojo, hasa ya daraja la juu (yenye seli kali), ndiyo korofi zaidi. Seli zake hubanduka na kuelea kwenye mkojo, hivyo mkojo ukivuja wakati wa upasuaji huzimwaga tumboni. Ndiyo sababu mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo hubanwa mapema, na figo ya mgonjwa huyu hutolewa nzima, haikatwikatwi ndani ya mfuko. Kwa saratani ya tezi dume, tatizo hili ni la nadra zaidi.

"Kinundu kwenye kovu maana yake imerudi."

Huenda ni ngiri, usaha, uzi wa kushonea au kovu nene. Hata hivyo, kinundu kigumu kinachozidi kukua kisisubiri miadi ijayo. Kitapigwa picha na kukatwa kinyama cha kupimwa. Kikithibitika kuwa saratani, mwili mzima huchunguzwa, kwa kuwa mara nyingi huwa imeshafika na kwingine.