Mtungi mzito, moto hafifu

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya gesi kwenye majiko ya hoteli na shule, na lalamiko ninalolisikia kila mara ni hili: "Fundi, mtungi bado mzito lakini moto umefifia." Lawama humwendea muuzaji, eti kachanganya gesi na maji. Mara nyingi anasingiziwa.

Sehemu kubwa ya kilichomo mtungini ni kimiminika: propani na butani. Kwa presha ya kawaida ya hewa, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa joto la Dar es Salaam zote zingekuwa zimeshageuka gesi, ila zimefungiwa. Mvuke uliojikusanya juu unazikandamiza hadi mchemko unatulia. Ukifungua valvu mvuke unatoka, presha inashuka kidogo, na kimiminika kinachemka kufidia.

Sasa, kuchemka kunataka joto. Kila kilo inayogeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 350, na hakuna moto chini ya mtungi. Joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe, kwenye chuma, kisha kwenye hewa ya nje. Kwa jiko la nyumbani hewa inatosha. Lakini funga mtungi mmoja wa kilo 15 kwenye majiko mawili ya pilau ya harusi uone: joto linatoka upesi kuliko linavyoingia. Mtungi unapoa, unyevu wa hewani unageuka matone juu ya chuma (pengine hata barafu), presha inaanguka, moto unalegea. Isitoshe, propani hutangulia kutoka, na butani inayobaki ni nzito kuchemka.

Matone hayo yana faida yake: yanapokomea ndipo uso wa kimiminika ulipo. Saa ya presha haikusaidii hapo, kwa kuwa inafuata joto zaidi kuliko kiasi kilichobaki. Pima kwa mzani, utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake.

Dawa ya shughuli kubwa ni kuunganisha mitungi miwili au mitatu pamoja, igawane mzigo. Usiuwashie moto chini, kamwe. Wala usiulaze: valvu itatoa kimiminika badala ya mvuke, na lita moja yake hutanuka kuwa takriban lita 250 za gesi, safari hii ndani ya mpira na jiko lako.