Ufa Si Sababu ya Kutupa Upinde

Juzi kijana mmoja aliniletea hapa Nakuru ufito wa mkole alioukata upande wa Baringo. "Fundi, umepasuka. Basi ni kuni tu?" Nikaugeuza mwangani. Ufa ulianzia nchani ukateremka karibu shubiri nzima, ukifuata nyuzi za mti bila kutokea kando. Nikamwambia upinde bado umo.

Mti hupasuka ukikauka kwa sababu ncha hupoteza maji upesi kuliko katikati. Siku ileile ninayokata, napaka ncha zote mbili gundi ya mbao, mara mbili, halafu naulaza kivulini, mbali na jiko. Kila wiki naupima kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, ndipo nachukua randa. Ukiharakisha hapa, hakuna gundi itakayokuokoa baadaye.

Ukivuta upote, yaani kamba ya upinde, mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama shabaha, unanyooshwa, na tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Ufa unaokwenda na urefu haukati nyuzi, kwa hiyo nguvu bado inapita. Naudondoshea supa gluu nyepesi mpaka ikatae kuingia, naubana, kisha nazungushia uzi uliolowa gundi. Ufa uliokingama mgongoni, au uliokimbilia ukingoni, siugusi. Hapo kibanzi kitainuka tu, na upinde ukikatika umevutwa, vipande vinaruka usoni.

Watengenezaji wa pinde za Uingereza hufuata duara moja la ukuaji, lile tabaka la mti la mwaka mmoja, mgongoni mwote. Miti yetu mingi haionyeshi maduara hayo wazi, kwa hiyo mimi namenya gome kwa mkono na kuuacha mgongo vilevile mti ulivyouumba. Panga likiuchuna hata kidogo, umeshaanzisha ufa. Kwa sababu hiyo mbao za yadi zinanipa shaka: msumeno hupita ulikotaka seremala, nyuzi zikatokea kando. Saiprasi ina vifundo vingi, na mkaratusi hujipinda na kupasuka ukikauka.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi hauna sauti. Mwaka jana nilikuwa nasugua tumbo la upinde kwa kipande cha chupa, ukucha ukakwama. Nikautazama kwa tochi: mistari midogo imekingama, kama makunyanzi ya ngozi. Mti ulikuwa umesagika kwa kubanwa, kwa sababu sehemu ile ilipinda kuliko jirani zake. Gundi haitibu hiyo. Nilipunguza sehemu ngumu za pembeni, kidogo kidogo, nikivuta na kutazama, mpaka mkono mzima wa upinde, yaani nusu yake moja, ukapinda sawasawa. Upinde ulipoteza nguvu, ila unarusha hadi leo.

Ufito wa yule kijana tumeziba ncha, uko juu ya dari. Jumamosi tuliupima, bado unashuka uzito. Anataka kuanza. Nimemwambia mizani kwanza.