Nyumba ya "bei nafuu" London: nafuu kwa kipimo gani?

Wengi mashariki mwa London, Newham kwa mfano, huamini kuwa bango la "nyumba za bei nafuu" kwenye eneo la ujenzi lina maana ya kodi ndogo kama ya nyumba za zamani za halmashauri. Sivyo. Tangu 2011, kodi inayoitwa nafuu inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya soko. Chukua fleti ambayo sokoni ingepangishwa pauni 1,800 kwa mwezi: "nafuu" yake ni hadi pauni 1,440. Kwa anayelipwa kima cha chini, unafuu huo ni wa jina tu.

Ya chini hasa ni kodi ya kijamii (social rent, ile ya nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba), kwa kuwa haifuati soko la leo. Hukokotolewa kwa mishahara ya eneo, idadi ya vyumba na thamani ya nyumba ya Januari 1999 (ndiyo, 1999!). Ila kuna mtego: ile asilimia 80 imeshajumlisha gharama za huduma, kama lifti na usafi wa ngazi, ilhali kwenye kodi ya kijamii gharama hizo hulipwa juu ya kodi. Kabla ya kusaini, linganisha jumla ya mwezi, si kodi tupu.