Ushirikina maana yake nini, na kwa nini bundi hahusiki

Hili neno limeshachoka jamani. Siku hizi hapa Lamu ukikaa baraza lolote baada ya isha utalisikia, na mara nyingi limewekwa pasipo pahali pake. Kijana kavaa fulana ya mtumba ina pembetatu na jicho katikati, "ushirikina huo, kavue". Mwengine salio la simu limebaki 666, anahangaika kumtumia nduguye shilingi kumi ili namba ibadilike, na yeye huyo huyo ndiye anayetwambia tujiepushe na shirki, yaani huo ushirikina. Juzi bundi katua kwenye gofu la nyumba ya mawe huko Mkomani, watu wazima na ndevu zao wanaokota vijiwe, ati ndege wa kishirikina. Ndege! Yaani mpaka ndege naye kaingizwa kwenye mambo ya itikadi.

Basi maana yenyewe kwanza, na hii ni fupi. Ushirikina ni kumfanyia Mwenyezi Mungu mshirika, kumuabudu au kumuomba asiyekuwa Yeye, au kuamini kwamba kuna kitu chengine kina uwezo wa Kiungu wa kuleta kheri na shari kwa nafsi yake. Kinyume chake ni tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu. Maulamaa wanaigawa shirki kubwa na shirki ndogo, kubwa inamtoa mtu kwenye Uislamu, ndogo haimtoi lakini ni dhambi nzito, na riya yaani kufanya ibada ili watu wakuone imo kwenye hiyo ndogo. Imeisha hapo, ukitaka urefu wake nenda darsani.

Linaloniudhi mimi ni vile neno lilivyopotea njia, manake asili yake iko wazi kabisa. Mzizi ni ule wa Kiarabu wa sh, r, k, ambao maana yake ni kuwa na fungu pamoja katika kitu. Mzizi huo huo ndio uliotupa shirika, ushirika wa wavuvi, kushiriki, kushirikiana, mshiriki wa semina. Hakuna uchawi hapo, hakuna moshi wa ubani, ni watu wawili wana fungu katika mali moja. Kosa la mshirikina ni kwamba kagawa kisichogawika. Sasa hiyo "na" ya mwisho imetoka wapi, kwa sababu kutoka shirki tungetegemea "mshiriki" ambalo tayari lina kazi yake nyengine? Imetoka kwenye wingi wa Kiarabu, mushrikiina, na sisi watu wa pwani tunaosali kwa madhehebu ya Shafi tunalo mdomoni kila siku kwenye dua ya kufungulia sala, wajjahtu wajhiya, ukifika pale "wamaa ana minal mushrikiina, inna salaati", yaani mimi si katika washirikina. Wingi wao tumeuchukua tukaufanya umoja wetu, kama tulivyofanya kwa malaika, ambayo kwa Waarabu ni wengi na kwetu ni mmoja. Kwa hiyo kila mwenye kuisoma dua hiyo anakana ushirikina mara kadhaa kwa siku, halafu akitoka msikitini akaliona neno hilo hilo kwenye fulana ya mtumba.

Magazeti nayo yamechangia. Kule Tanzania hasa, wakati wa habari za kuuawa watu wenye ualbino, kila ripoti iliandikwa "imani za kishirikina", na maana waliyoikusudia ni uchawi na uganga wa viungo vya watu. Ni uhalifu mbaya mno, lakini neno likazoeleka hivo, ushirikina ukawa ni jina la juju. Ukitazama vizuri uchawi ni jambo moja, ramli ni jambo jengine, uganga jengine (na si kila mganga mbaya, yuko wa mitishamba tu), na ushirikina unaweza kuingia ndani ya hayo yote au usiingie. Mtu anaweza kuwa mshirikina na hajawahi kumuona mchawi maisha yake yote.

Halafu kuna hili ambalo marafiki zangu hasa wanalichanganya. Lile la kuogopa bundi, paka mweusi, Jumatano, kujikwaa mguu wa kushoto, kope kuchezacheza, lina jina lake. Kiarabu linaitwa tiyara. Na tiyara imetokana na tayr, ndege. Waarabu wa zamani kabla ya Uislamu mtu akitaka kusafiri alikuwa akimtimua ndege, akiruka kulia anaenda zake, akiruka kushoto anarudi nyumbani. Na sisi Waswahili wazee wetu walisema vipi? Walisema "ndege mbaya", "ndege njema". Mtu katoka asubuhi kakutana na jambo la kumkwaza anasema nimepata ndege mbaya, yeo si siku njema, na wala hakuna ndege yeyote hapo aliyeruka. Neno hilo tunalo, liko kwenye makamusi, na vijana hawalijui tena, wamebaki na ushirikina peke yake kwa kila kitu.

Na sasa ndio inapochekesha. Iko hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) anasema hakuna adwa, wala tiyara, wala hama, wala safar. Adwa ni maradhi kuambukiza, na wanavyuoni wamefafanua kuwa kinachokanushwa ni maradhi kuhama kwa nguvu yake mwenyewe bila ya kadari, kwa sababu Mtume huyo huyo kakataza watu kuingia kwenye mji wenye tauni, kwa hiyo msiitumie hadithi hii kukatalia barakoa. Tiyara tumeshaisema. Hama ndiyo nataka muisikilize vizuri. Hama ni bundi! Waarabu wa ujahilia, kabla ya Uislamu, waliamini mtu akiuawa na kisasi chake hakijalipwa, roho yake inakuwa bundi anayelia juu ya kaburi akisema ninywesheni, ninywesheni, mpaka damu ilipwe. Yaani bundi katajwa kwa jina lake ndani ya hadithi, akasafishwa, kesi yake imefungwa karne kumi na nne zilizopita, na bado watu wa Lamu wanamrushia mawe kwa jina la dini. Sisi hata jina tumempa, babewatoto, kana kwamba shughuli yake usiku ni kunyemelea wachanga. Shughuli yake ni panya, na mji huu wallahi unamhitaji.

Na safar, baadhi ya wanavyuoni wamesema ni mwezi wenyewe wa Safar, kwetu ndio Mfungo Tano, ambao Waarabu waliuona wa mkosi (wapo waliosema ni mdudu wa tumboni). Kwa hiyo yule anayeahirisha harusi au safari ya Faza kwa sababu ni Mfungo Tano, na hasa ile Jumatano ya mwisho, anadhani anachunga dini na kumbe anachunga kile kile ambacho dini ilikuja kukifuta. Usimwambie ana dini sana. Mwambie ana tiyara, ukipenda mwambie ana ndege.

Msomaji wa Yasini naye nina neno naye, na sisi sote ni wasomaji wa Yasini, usiku wa Ijumaa na kwenye khitma. Aya ya 18, watu wa mji ule wanawaambia mitume waliotumwa kwao kwamba sisi tumepata kisirani kwa sababu yenu. Kitenzi kilichotumika pale kimetokana na ndege. Aya ya 19 wanajibiwa "taairukum maakum", ndege wenu mnaye wenyewe, kisirani mmekibeba wenyewe. Watu wa Firauni walimfanyia hivo hivo Nabii Musa, Thamudi wakamfanyia Nabii Saleh. Katika Qurani kila mara wanaodai kupata ndege mbaya ni wale waliokosea, hakuna hata pahali pamoja ambapo mwema ndiye anayeogopa ndege.

Najua mwenye elimu yake atanikatiza hapa, na ana haki, kwamba mbona kuna hadithi "tiyara ni shirki"? Ipo, kutoka kwa Ibn Masud, imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Lakini soma vizuri kilichoitwa shirki ni nini. Haikusemwa bundi ni shirki, wala Jumatano ni shirki, wala namba ni shirki. Kilichoitwa shirki ni ile hali ya moyo wako kumpa bundi uwezo wa kukuharibia siku. Kitu kinabaki kitu. Sayyidna Umar alisimama mbele ya Hajaral Aswad, lile jiwe jeusi la Kaaba, jiwe tukufu kuliko mawe yote, akaliambia najua wewe ni jiwe, hudhuru wala hunufaishi, lau si kumuona Mtume akikubusu nisingekubusu. Sasa kama jiwe lile linaambiwa hivo, hiyo fulana ya mtumba ina nini? Na ndio maana nasema anayepiga kelele "shirki!" kwa kuogopa pembetatu, kati ya yeye na aliyeivaa kwa kuwa ilikuwa bei rahisi, yeye ndiye aliye karibu zaidi na jambo lenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeamini ile pembetatu inaweza kufanya kitu.

Hiyo 666 ndiyo hata siielewi imefikaje kwenye baraza letu. Ni ya Ufunuo 13:18, kitabu cha Wakristo, namba ya mnyama, na hata kwao wasomi wao wengi wanasema ni hesabu ya herufi za jina la Kaisari Nero. Kwenye Qurani haimo, kwenye hadithi haimo. Tumeazima woga wa jirani na mwenyewe hata hakuja kutudai. Vile vile ile mistari ya kwenye pakiti za biskuti, ambayo imeanza kusomwa na mashine madukani tangu mwaka 1974, ile mirefu ya mwanzo, katikati na mwisho, ambayo ati ni 666 iliyofichwa, ni ya kuiambia mashine hapa naanza na hapa namaliza, basi. Na wale mnaoigeuza chupa ya Coca-Cola kwenye kioo mpate kusoma matusi ya dini, mwaka 2000 mpaka mufti wa Misri ilibidi atoe kauli kwamba hamna kitu pale, kwa hiyo kunyweni au msinywe kwa ajili ya sukari.

Siachi kusema kwamba si kila katazo la bibi ni tiyara. Mengine ni miiko tu yenye akili ndani yake. Usifagie usiku, enzi za kandili ungefagia pete ya mtu ukaitupa na taka. Usiazime sindano usiku, itaanguka na nani ataiona. Taa za stima zimekuja, sababu imeondoka, katazo limebaki peke yake na watu wakalitafutia shetani wa kulisimamia. Na nahodha akikwambia leo hatutoki, kusi imechafuka, au tungoje maji yajae ndio tupite mkondo wa Mkanda, huyo usimuite muoga wala usimletee hadithi ya tiyara, anasoma sababu. Maji kupwa yanakwamisha boti kweli, ukiamini au usiamini. Jumatano haikwamishi boti.

Mwaka 632 Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hebu fikiria, maneno yale yangemtukuza yeye na nyumba yake, na ni baba aliyetoka kuzika, angeweza kunyamaza tu. Akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Hakuwakaripia wala hakuwaita washirikina, akawarekebisha na akawasalisha.

Namna hiyo ndiyo naiomba kwenye mabaraza yetu. Mwenzako akishtuka, mwite aliyeshtuka. Hata ile hadithi ya Ibn Masud ina nyongeza, na wengi wanasema ni maneno yake mwenyewe Ibn Masud, kwamba hakuna katika sisi ila tiyara humpata kidogo, lakini Mungu huiondoa kwa kutawakali, yaani kumtegemea Yeye. Kushtuka si kosa, kosa ni kurudi nyumbani kwa ajili yake. Na dua yake ipo, hakuna kheri ila kheri yako, wala hakuna ndege ila ndege wako, wala hakuna mola ila Wewe, unaisoma unaendelea na safari yako.

Tena Mtume alisema anapenda fali, akaulizwa fali ni nini, akasema ni neno jema analolisikia mtu. Siku ya mapatano ya Hudaibiya, baina yake na watu wa Makka, alipotokea mjumbe wa Makureshi anaitwa Suhail, jina lenye maana ya wepesi ndani yake, akawaambia wenzake mambo yenu yamekuwa mepesi. Kwa hiyo rafiki yako akiwa na begi lake anaelekea gatini na bundi akalia, huna haja ya kumfundisha itikadi pale pale kwa sauti kubwa, na neno ushirikina usilitoe kabisa, mwambie safari ya salama na shughuli yake itakwenda sawa.