Konferensi ndogo za futiboli ya vyuo vikuu Marekani: dhana potofu na ukweli

Vyuo vikuu vya Marekani hucheza futiboli ya Kimarekani (si soka) vikiwa vimegawanyika katika konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana, kila moja ikiwa na bingwa wake na mkataba wake wa televisheni. SEC, Big Ten, Big 12 na ACC ndizo zinazoitwa kubwa. MAC, Sun Belt, Mountain West na American ni miongoni mwa zinazoitwa ndogo.

Dhana potofu: Timu ya konferensi ndogo ikimaliza msimu bila kufungwa, ni kwa sababu haikukutana na mpinzani wa maana.

Hoja hii imekwisha kujibiwa uwanjani zaidi ya mara moja. Januari 2009 Utah, wakati huo ikiwa Mountain West, iliifunga Alabama ya SEC 31–17 katika Sugar Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, na miaka miwili baadaye TCU ya konferensi hiyohiyo iliishinda Wisconsin ya Big Ten 21–19 katika Rose Bowl, mechi nyingine ya aina hiyo. Mfano unaoniuma zaidi ni UCF, timu ya American, msimu wa 2017, iliyoshinda mechi zake zote 13. Mechi ya mwisho iliifunga Auburn 34–27, na ni Auburn hiyo iliyokuwa imezifunga Georgia na Alabama, timu zilizokutana katika fainali ya taifa ya msimu uleule. UCF haikupata nafasi katika mchujo wa kumpata bingwa wa taifa, ambao wakati huo ulikuwa wa timu 4 tu. Kuilaumu timu kwa udhaifu wa ratiba yake si haki, kwa sababu vyuo vikubwa mara nyingi havikubali kusafiri kwenda kwa vidogo. Badala yake huvilipa vidogo vije kucheza kwao, na chuo kinachohitaji fedha hizo kuendesha idara nzima ya michezo hakina namna ya kukataa.

Dhana potofu: Ushindi wa kushtukiza unathibitisha kwamba konferensi hizi zinalingana.

Wapenzi wa timu ndogo, nikiwemo mimi, tunapaswa kuwa wakweli hapa. Tarehe 7 Septemba 2024 Northern Illinois ya MAC ilikwenda South Bend, nyumbani kwa Notre Dame, kucheza na timu hiyo kubwa, iliyokuwa ya 5 katika orodha ya ubora. Zikiwa zimesalia sekunde 31, mpigaji wa Northern Illinois alipitisha mkwaju wa yadi 35 kati ya milingoti, wenye pointi 3, na kuipa timu yake uongozi wa 16–14. Notre Dame ikajaribu mkwaju wa yadi 62, nao ukazuiwa. Mechi iliyofuata, Northern Illinois ilifungwa na Buffalo 23–20 katika muda wa ziada, na katika mechi zake 8 za MAC ilishinda 4 tu. Notre Dame kwa upande wake ilifika fainali ya taifa. Mechi moja hueleza uwezo wa kikosi cha kwanza kwa siku moja, ilhali konferensi hupimwa kwa timu zake za katikati na za mkiani, na humo ndimo tofauti ilimo: timu ya tisa ya SEC ni imara kuliko timu ya tisa ya MAC, tena kwa mbali.

Dhana potofu: Konferensi ndogo hazitoi wachezaji wakubwa.

Nyota wa NFL, ligi ya kulipwa, ni ushahidi: Josh Allen alitoka Wyoming ya Mountain West, Khalil Mack alitoka Buffalo ya MAC, na Ben Roethlisberger alitoka Miami ya Ohio, nayo ya MAC. Shida ni kuwabakiza. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kijana anayeng'ara MAC msimu huu huweza kuwa amevaa jezi ya Big Ten msimu ujao, kwani mkataba wa televisheni wa Big Ten ulioanza 2023 una thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Ashton Jeanty, aliyebaki Boise State ya Mountain West na kukimbia na mpira yadi 2,601 msimu wa 2024, ni nadra.

Dhana potofu: Bingwa wa konferensi ndogo akifungwa katika mchujo, ni ushahidi kwamba hakustahili kuwamo.

Mchujo ulipopanuliwa kuwa wa timu 12 mwaka 2024, Boise State hiyo ya Jeanty ilivushwa raundi ya kwanza bila kucheza, kisha ikafungwa na Penn State 31–14, na wengi wakasema nafasi ile ilipotea bure. Lakini kufungwa hakukuwa kwa timu ndogo peke yake: timu zote 4 zilizovushwa namna hiyo zilitolewa katika mechi yao ya kwanza. Oregon ya Big Ten, iliyoingia ikiwa namba moja na bila kufungwa hata mara moja, ilichapwa na Ohio State 41–21, tofauti ya pointi 20 dhidi ya 17 za Boise State. Katika raundi iliyotangulia, Tennessee ya SEC nayo ilikuwa imefungwa na Ohio State hiyohiyo 42–17.